Mwaka na nusu na baiskeli ya mtumba kwenye milima ya Kwale

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: Sh18,000. Muuzaji alianza na 23,000. Nikamwambia mimi mwalimu wa hesabu. Pesa sina, lakini kutoa najua. Akacheka, akatoa. Hiyo ilikuwa Septemba ya mwaka juzi, na tangu hapo nimeipanda karibu kila Jumamosi, isipokuwa Ramadhani na zile wiki za masika ambapo njia za Kwale huwa uji.

Duka lenyewe silitaji. Ni moja ya yale ya mjini Mombasa ambako kontena la Ulaya likifunguliwa baiskeli hutundikwa darini kama nyama buchani, na chini yake kuna viti vya watoto, mashine za kukata nyasi na mabegi yasiyo na zipu. Waliniuzia kitu kizuri, kisha wakanifanyia jambo moja baya. Nitalifikia.

Yenyewe ni baiskeli ya mlima ya zamani. Magurudumu ya inchi 26, fremu ya alumini, shokamzoba mbele, nyuma hakuna. Jina la kampuni limekwanguliwa na mtu kapaka buluu juu ya kijani, wala hakupaka vizuri, kwa hivyo kila nikianguka kijani kinazidi. Giya ni 27, tatu mbele na tisa nyuma, na vyombo vyake vingi ni vya kampuni ya Shimano, aina ya Deore, vya siku nyingi ambavyo mpaka leo havijanisumbua hata siku moja. Chini ya fremu kuna kibandiko cha duka la Uholanzi. Nchi isiyo na mlima ndiyo iliyoniletea baiskeli ya mlima. Niliipeleka Marikiti nikaomba ipimwe kwenye mizani ya viazi: kilo 13 na nusu.

Mpwa wangu alikuwa kaniandama ninunue nyingine. Ilikuwa ukutani pale pale, mpya, inang'aa, bei karibu ile ile: shokamzoba mbili, breki za disiki, giya 21, rangi nyekundu na maandishi ya kutisha kila bomba. Ukiiona utasema hii yapanda Kilimanjaro. Nilikuwa nimekwenda na fundi wangu wa Majengo, mtu mzima asiyependa maneno. Akaniambia, "Mwalimu, inyanyue." Nikainyanyua. Ilikuwa nzito kama mtungi wa gesi uliojaa. Kisha akanikalisha juu yake, akaniambia nikanyage pedeli kwa nguvu nikiwa nimeshika ukuta. Springi ya nyuma ikazama, ikapanda, ikazama. "Nusu ya chakula chako chaliwa na hiyo springi," akasema. Halafu akanionyesha gurudumu la nyuma: friwili, yale meno ya nyuma, ni ile ya kuskuruliwa juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, mhimili wake mrefu unaning'inia bila gololi ya kuushikilia upande wa cheni, na kwenye mashimo ya Kwale ungepinda kabla ya Krismasi. Yangu ya mtumba ina habu ambayo meno yake huchomekwa, na gololi iko nje kabisa, mwisho wa mhimili. Ni kitu usichokiona ukiwa umesimama dukani, na ndicho kinachotenganisha baiskeli ya kwendea dukani na baiskeli ya mlima.

Mimi nimezaliwa Kibokoni, na baiskeli niliijulia kwenye blekmamba ya baba, ile baiskeli nzito ya kubebea mizigo. Baba alikuwa akisambaza mikate. Kikapu mbele, sanduku nyuma, na mimi siku za mapumziko nikiiendesha huku mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba la juu, kwa sababu kiti sikukifikia. Breki zake zilikuwa za vyuma virefu vinavyovuta raba juu kuelekea kwenye rimu, na baba alikuwa akiziamini kama anavyoyaamini matangazo ya bahati nasibu. Aliposhuka kwenda feri ya Likoni, pale barabara inapoinamia maji, alikuwa akishusha kiatu na kukiburuza. Kiatu cha kulia kilikwisha soli kabla ya cha kushoto kila mwaka. Nimeyaleta haya kwa sababu mwaka na nusu huu umenirudisha kwenye kiatu cha baba: kila kitu nilichojifunza kuhusu baiskeli ya mlima ni habari ya kusimama.

Sasa Kwale. Asiyekujua, ukisimama upande wa feri asubuhi ya kusi hewa ikiwa safi, ile mistari ya buluu unayoiona upande wa kusini magharibi ndiyo Milima ya Shimba. Haishindani na Taita, wacha Kilimanjaro; kilele chake ni mita mia nne na kitu juu ya bahari. Lakini imesimama karibu mno na pwani kiasi kwamba upepo wa bahari ukiipiga unaacha ukungu na mvua, kwa hivyo huko juu kuna msitu, na kati ya msitu kuna migongo ya majani matupu ambayo asubuhi hulowa umande mpaka soksi zinatoa maji. Hifadhi ya taifa ilitangazwa huko mwaka 1968. Ndipo mahali pekee Kenya wanapoishi palahala wa mwituni, wale swala wakubwa wenye pembe zilizopinda kama majambia. Na maji ya chemchemi za Marere ndiyo yaliyoletwa kwa bomba hadi mjini kwetu, kwa hivyo kuna wakati nikipumzika huko juu najiambia nimekuja kutazama bomba letu linapoanzia.

Ndani ya hifadhi siendeshi. Mna ndovu, mna nyati, mna chui, na mimi nina watoto watatu. Hata maporomoko ya Sheldrick, yale ya mita 21, hushukiwa kwa miguu pamoja na askari wa wanyama mwenye bunduki. Mimi hupita pembezoni: njia za miguu za vijiji, vichochoro vya mashamba ya mikorosho na miembe, barabara za udongo mwekundu zinazokwenda Kinango, na upande wa nje wa uzio wa umeme. Hata huko nje si kwamba uko peke yako. Asubuhi moja nilikuta kinyesi cha ndovu katikati ya njia, bado chafuka moshi. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi watatu akanipungia fimbo. "Mwanangu, keti kwanza jua lipande. Wamepita alfajiri, na mmoja hajarudi." Nikaketi. Tukazungumza bei ya korosho saa nzima. Mzee akaikagua baiskeli yangu kwa makini, akanizungukia mara mbili, kisha akauliza kama yachukua gunia.

Safari yenyewe huwa hivi. Naswali Alfajiri, navaa suruali pana na kanzu fupi ya magotini, mtandio naubana chini ya helmeti. Buibui haliendi na cheni. Nililijaribu mara moja pale Marikiti na nusu ya buibui ikabaki kwenye meno. Saa kumi na mbili kasorobo niko feri, nasukuma baiskeli kati ya mikokoteni na watembea kwa miguu. Mara nyingi hunikuta feri iitwayo MV Kwale, na huwa naona ni fali njema. Kisha Likoni, Shika Adabu, Ng'ombeni, Waa. Barabara hii siipendi, malori yake hayamjui mtu, nami huipita kichwa nimekiinamisha bila ya kufurahia chochote. Kombani nakata kulia, na hapo ndipo mlima unapoanza.

Kupanda, baiskeli hii haina mshindani kwa pesa niliyotoa. Niruhusuni nifundishe kidogo. Blekmamba ya baba ilikuwa na meno 46 mbele na 20 nyuma; ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.3, na kwa tairi la inchi 28 unakwenda mita 5 na ushei. Kwenye tambarare ya kisiwa ni raha. Kwenye mlima ni kama kumnyanyua mtu mzima kwa kila hatua. Yangu, giya ya chini kabisa, ina meno 22 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli ni mita 1.3 tu. Unakwenda pole kiasi kwamba kuku wanakupita, lakini unakwenda, na magoti ya miaka 43 hayalalamiki. Kombani hadi Kwale mjini hunichukua saa moja na dakika kumi. Vijana wa baiskeli mpya za giya 21 huwapita wakiwa wameteremka wanasukuma. Sisemi kitu. Nasalimu tu.

Kwale mjini chai ya rangi, mahamri na mbaazi, kisha naacha lami.

Na sasa lile jambo baya. Dukani, kabla ya kunikabidhi, walizibadilisha raba za breki. "Mama, tumekuwekea mpya," na kweli zilikuwa mpya, nyeusi, zimenyooka. Breki zangu si za disiki. Ni zile za mikono miwili inayobana rimu huku na huku. Ni breki nzuri, nyepesi, fundi yeyote wa Kongowea huzijua. Lakini nguvu yake yote iko kwenye ile raba, na raba waliyoniwekea ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu cha shule. Mjini hukuiona. Mjini unasimama kwa sababu tuktuk imesimama mbele yako.

Safari ya kwanza ya Kwale niliiona. Njia ilikuwa inateremka kati ya mikorosho, udongo mwekundu, mizizi imetokeza, umande bado. Nikabana breki, zikalia kama mbuzi anayepelekwa machinjoni, na kasi haikupungua. Nikabana zaidi, vidole vikaniuma, kasi ikazidi. Mbele kulikuwa na kona na baada ya kona sikujua kuna nini. Nikafanya alichofanya baba: nikashusha kiatu. Kiatu kikakamata mzizi. Niliishia ndani ya shamba la muhogo, mgongo chini, baiskeli juu yangu, gurudumu la mbele bado linazunguka. Mwenye shamba, mama mmoja, alitoka na ungo wake mkononi akanitazama kwa utulivu. "Pole, mwalimu," akasema. Nilishangaa kajuaje mimi ni mwalimu. Kumbe ilikuwa fulana: kifuani ilikuwa imeandikwa chama cha hesabu cha shule. Miche minne ilivunjika, nikailipa, akaniongezea maji ya kunawa na dafu moja bila malipo.

Nilirudi dukani Jumatatu. Yule muuzaji akaniambia, "Mama, ungeshuka pole pole." Ningeshuka vipi pole pole, na breki ndizo zilizokataa! Hakunirudishia kitu. Ndiyo maana baiskeli hii naipa nyota nne, si tano, na ndiyo maana nasema: mkinunua mtumba, iaminini fremu, zikagueni habu, lakini raba za breki zitoeni palepale mlangoni hata kama ni mpya, tena hasa zikiwa mpya.

Fundi wangu aliniwekea nyingine, laini, za Sh800 seti. Siku ile ile nilihisi tofauti kwa kidole kimoja.

Nikiwa nauguza kiwiko nilisoma habari za hawa watu walioanzisha mchezo huu. Ilikuwa kaunti ya Marin, kaskazini ya San Francisco huko Marekani, na ukisoma sifa za mahali utadhani ni Shimba: vilima vinavyosimama juu ya bahari, migongo ya majani, makorongo yenye miti, ukungu wa asubuhi. Miaka ya 1970 vijana wa huko walikuwa wakiokota baiskeli nzito za kampuni ya Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, blekmamba zao tuseme, wakizipandisha mlimani na kushuka nazo mbio. Mwaka 1976 wakaanza mashindano kwenye njia moja karibu na mji wa Fairfax inayoshuka kama mita 400 kwa kilomita 3 hivi. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, zile za kurudisha pedeli. Wakifika chini habu inatoka moshi, grisi yote imeungua, na kabla ya kupanda tena lazima waifungue waijaze grisi upya. Kwa hiyo wakaiita njia hiyo Repack, yaani kujaza upya. Wengine kati yao, kama Joe Breeze na Gary Fisher, wakaja kuwa watengenezaji wakubwa wa baiskeli. Nami nikatulia kidogo: hata njia yao ya mashindano ilipata jina lake kwa sababu ya breki zilizoungua. Sikuwa mjinga peke yangu.

Kisha nikampelekea hesabu mwenzangu wa fizikia pale staffroom. Mimi na baiskeli ni kilo 81. Tukishuka mita 300 tokea Kwale, ukiacha sehemu inayochukuliwa na upepo, kuna kilojuli 238 za kupoteza. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya robo tatu ya lita ya maji, birika dogo la kahawa. Na lote latakiwa lipite kwenye vipande vinne vya raba vyenye ukubwa wa kidole gumba. Tangu hapo sibani breki moja kwa moja toka juu hadi chini. Nabana kwa nguvu kabla ya kona, naachia, nabana, naachia, ili rimu ipate upepo. Ukiikokota breki mteremko mzima, rimu hupata joto na tyubu huweza kupasuka ndani. Jaribu kuigusa rimu ukifika chini. Mimi niliigusa, sitarudia.

Adui mwengine wa breki hizi ni mchanga wenyewe. Ule udongo mwekundu wa Kwale una chembe kali; ukilowa unashika kwenye raba, kisha kila ukibana unapiga msasa rimu ya alumini. Unausikia: kwaruu, kwaruu. Ni lazima nisimame nizichokoe chembe kwa kisu. Katika mwaka na nusu nimemaliza seti tatu za raba. Hapo nakubali kwamba breki za disiki zingekuwa bora, disiki za mafuta za kampuni inayoeleweka, si vile visahani vya bati vya ile nyekundu ya mpwa wangu. Disiki iko mbali na matope na haili rimu. Lakini fremu yangu haina mahali pa kuifungia, na disiki nzuri peke yake ingenigharimu nusu ya baiskeli.

Shokamzoba nayo nina maneno nayo. Ilikuja imekufa. Ukiikanyaga inazama, ikirudi inarudi kwa kishindo, na mpira wa kuzuia vumbi umekatika, kwa hivyo ndani mlikuwa na mchanga wa nchi mbili. Fundi akaing'oa, akanipa uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, wa chuma mtupu, wa Sh2,500. Tulizipima zote mbili kwenye mizani ile ile ya viazi, kilo 2.4 kwa 1.2. Nilidhani mikono itakufa ganzi. Haikufa, kwa sababu kumbe kazi kubwa hufanywa na tairi. Ila tahadhari: uma wa kwanza aliouweka ulikuwa mfupi mno, pua ya baiskeli ikainama na usukani ukawa mwepesi wa kugeuka kama mkokoteni usio na mzigo. Tukabadilisha, tukapata mrefu zaidi, mambo yakatulia. Ukinunua, beba kipimo.

Matairi yaliyokuja nayo yalikuwa na kipara cha lami. Nikanunua mawili yenye meno, 26 kwa 2.1, Sh1,900 kila moja. Inchi 26 ni faraja ya Mombasa: kila fundi anayo tyubu yake, toka Likoni hadi Ukunda, wakati wenye magurudumu ya 29 huwaona wakipiga simu Nairobi. Mimi na kilo zangu 68 huweka upepo wa paundi 32 nyuma na 28 mbele. Vituo vya petroli hukuwekea 50 kwa moyo mwema, nawe ukifika kwenye mizizi unaruka kama mpira. Chagueni pia tyubu zenye mdomo mnene kama wa gari. Ule mwembamba wa Kizungu hauingii kwenye pampu yoyote ya Kwale, na nimewahi kutembea kilomita 6 kwa sababu hiyo. Miba mimi nimeikubali kama kadari. Nabeba viraka, solusheni, tyubu moja na pampu ndogo, na mpaka sasa naweza kuziba kabla maji ya dafu hayajaisha.

Hewa ya chumvi ndiyo iliyonishangaza, mimi niliyezaliwa ndani yake. Waya za breki zilipata kutu ndani ya mirija yake, mahali usipopaona, na breki ikawa nzito huku raba zikiwa nzima. Sh1,100 kubadilisha zote. Cheni nilikuwa naipaka mafuta ya kupikia, kwa ushauri wa mume wangu, mpaka ikashika vumbi ikawa kama kashata. Sasa naifuta kwa kitambaa kila ninaporudi, tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pini, nafuta tena. Baiskeli hulala ukumbini, si roshani. Mume wangu ana maoni yake kuhusu hilo.

Nimeijaribu kwingine pia. Bamburi, kwenye yale machimbo ya saruji yaliyoanza kupandwa mivinje mwaka 1971, ni pazuri kwa mtu anayejifunza: kivuli, ardhi laini ya majani ya mvinje, na jongoo wakubwa wanaopita njiani kama gari moshi. Wao ndio waliopewa kazi ya kuyala majani hayo yawe udongo, basi waacheni wapite. Arabuko-Sokoke, kule karibu na Gede, nilikwenda mara moja na sikuhitaji breki hata kidogo. Ni tambarare, mchanga mwingi, na kimya ambacho sijakikuta kwingine pwani hii. Uzuri wake ni mwengine. Baiskeli hii ilichoka pale kwa kukosa mteremko.

Kiti kilikuwa chembamba, cha mwanamume mwenye mifupa. Fundi alinipa cha zamani kipana kutoka kwenye chakavu zake, bure. Kengele nilinunua Sh150.

Nimezijumlisha zote, nisingekuwa mwalimu wa hesabu nisingefanya: raba 2,400, uma 2,500, matairi 3,800, waya 1,100, cheni mpya 1,400. Jumla 11,200, ukiacha kengele na viraka. Pamoja na bei ya kununua ni Sh29,200. Nyota nne kati ya tano kwa baiskeli. Kwa duka, mbili, na ya pili ni ya ule mzigo mzuri waliouleta toka Uholanzi. Ile nyekundu ya mpwa wangu aliinunua rafikiye; mhimili ulipinda Novemba, sasa inabeba madumu ya maji Bombolulu, na husikia inaifanya kazi hiyo vizuri.

Wiki iliyopita fundi alipitisha ukucha kwenye rimu yangu ya nyuma, akaupitisha tena, akaniita nije nitazame. Ubavu umeliwa na mchanga mpaka umekuwa na bonde, na karibu na kiungio alumini imebaki nyembamba kama kifuniko cha mkebe. Akasema Kwale basi, mpaka ibadilishwe. Siku itakayofunguka nitakuwa mteremkoni, si feri. Kwa hivyo Jumamosi mbili sasa niko nyumbani nasahihisha madaftari. Mwenye rimu ya inchi 26, mashimo 32, iwe ya breki za raba na si ya disiki, anijulishe kabla ya masika. Rangi yoyote.